Rula Ukingoni mwa Mto

Mke wangu hajawahi kumpima mtu homa, lakini mtaa mzima unamwita Daktari. Wanakuja mpaka kwenye kibanda changu cha ushonaji, wanapenya katikati ya nguo za watu zilizotundikwa, wanauliza, "Daktari yupo?" Mmoja wao, jirani yetu mwenye goti bovu, anakuja mara nyingi kuliko wateja wangu. Mimi nikiwa na pini mdomoni sina jinsi ya kumjibu, kwa hiyo namwonyesha benchi akae. Akimaliza kueleza habari za goti, mke wangu anamwambia kwa upole kwamba yeye ni mtaalamu wa wanyama. Jirani anatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Kisha anauliza, "Sasa hili goti nilipake nini?"

Lawama zote ni za mama mkwe. Siku binti yake alipohitimu, mama alirudi nyumbani akamtangazia kila mwenye masikio kwamba amezaa daktari. Nilijaribu kumsahihisha mara moja tu. Nilisema, "Mama, amesomea zuolojia. Ni elimu ya wanyama." Akanitazama kuanzia viatu hadi nywele, akaniuliza, "Kwani wanyama hawaugui?" Nikaufyata. Yule mama alimsomesha mwanawe peke yake kwa kufua nguo za watu, na ngozi ya vidole vyake haijanyooka mpaka leo. Mtu kama huyo akisema amezaa daktari, humbishii.

Mimi ni fundi cherehani, na nakiri kwamba subira sina. Mteja akija kudai suruali kabla ya siku tuliyopatana, nachemka. Mke wangu ana subira ya kututosha sote wawili, na nadhani ndiyo maana bado tuko pamoja.

Kazi yake ilikuwa chuoni, kwenye stoo ya sampuli. Ni chumba kisicho na dirisha, mwisho wa korido, kimejaa makabati ya droo. Ukivuta droo hii unakuta ndege waliojazwa pamba wamelala chali, kila mmoja na kibandiko mguuni. Ukivuta ile, ni mafuvu, yamepangwa kuanzia dogo kama njugu. Siku ya kwanza aliyonitembeza humo alinionyesha fuvu la panya kwa furaha ile ile ambayo watu wengine wanaonyesha picha za harusi. Nilisema ni zuri. Ungefanyaje?

Shahada yake aliipata kwa kinyesi. Simtanii, ndivyo ilivyokuwa. Alichunguza chakula cha fisi maji, ambaye kwa wasiomjua hana undugu wowote na fisi: ni mnyama wa mtoni, mrefu, manyoya yake ya kahawia yanateleza, anakula kaa na samaki, na anashika vitu kwa vidole vyake vya mbele kama mtu. Ni mnyama mwoga sana. Kumwona ni bahati, lakini kinyesi anakiacha juu ya mawe kila siku, basi mke wangu akawa anakiokota, anakiosha kwenye chekeche, anahesabu vipande vya magamba ya kaa. Wakati huo tulikuwa wachumba. Siku moja nilifungua friji yake nitafute maji ya kunywa, nikakuta vikopo vimepangwa vizuri, kila kimoja na tarehe yake. Nikauliza ni nini, akaniambia. Nilikunywa ya bomba.

Kwa hiyo alimjua fisi maji kwa meno, kwa fuvu, na kwa hicho kingine. Mwenyewe akiwa hai alikuwa hajawahi kumwona, zaidi ya mgongo uliozama mara moja akiwa mwanafunzi. Hilo halikumsumbua, au mimi nilidhani halimsumbui, mpaka asubuhi moja aliporudi kutoka mtoni, alikotumwa kuokota sampuli za darasa, matope yakiwa yamemfika magotini. Nilikuwa napachika mkono wa koti. Akasimama mlangoni asiingie.

"Fundi," akasema. Ananiita hivyo hata ndani ya nyumba. "Nimemwona."

"Umemwona nani?"

"Fisi maji. Alikuwa anakula kaa, karibu kama kutoka hapa mpaka pale." Akanionyesha benchi. "Anakula kwa kelele, Fundi. Na anafumba macho akitafuna. Miaka yote hii napima yale meno, sikujua kwamba anafumba macho."

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Nikaweka sindano chini, maana nilijua hapo tumekwisha. Mtu aliyelia kwa sababu mnyama kafumba macho harudi tena kwenye droo akatulia.

Kamera tuliipata kwa mpiga picha wa harusi ambaye mgongo ulimshinda, akaacha kazi. Nilimshonea suti yeye na wanawe, naye akatuachia kamera, lenzi ndefu kama mkono wangu, na stendi ya miguu mitatu ambayo mguu mmoja haukazi vizuri. Mke wangu akaanza na waliokuwa karibu: mijusi ukutani, vyura wa mtaroni, njiwa wa juu ya bati. Alikuwa anaamka kabla yangu na kurudi nyumbani amekwaruzwa na miiba, anacheka. Tangu nimuoe sikuwahi kumwona na furaha ya namna ile, na nilifurahi, ingawa mashuka yangu yalijaa matope.

Tatizo likawa mama.

Tulikwenda kwake siku ya kwanza ya likizo ndefu ya chuo. Alikuwa jikoni anamenya viazi. Mke wangu akamweleza kwamba anataka kuacha stoo, awe mpiga picha wa wanyama wa porini. Mama hakusimamisha kisu.

"Una kazi yenye kiti, meza na mlango wa kufunga," akasema. "Na juzi umeniambia mwenyewe wanataka kukufanya mkuu wa hiyo stoo."

"Ndiyo, Mama. Wanasubiri jibu langu chuo kitakapofunguliwa."

"Na wewe unataka ukalale kwenye matope umsubiri mnyama."

"Ndiyo, Mama."

"Mnyama mwenyewe ana habari kwamba anasubiriwa?"

"Hapana, Mama. Akijua anakimbia."

Mama akanigeukia mimi. "Baba, huyu mkeo ana homa?" Nikasema mimi ni fundi cherehani, daktari ni yeye. Haikusaidia.

Mwishowe akatoa sharti. Likizo ile yote ilikuwa ya binti yake, afanye atakavyo. Kabla chuo hakijafunguliwa amletee picha aliyoipiga, iliyochapishwa na watu wasiokuwa ndugu zake, aishike kwa mikono yake mwenyewe. Akiileta, mama hatasema neno tena. Asipoileta, anarudi chuoni kuwa mkuu wa stoo, na kamera inakwenda kwa mwingine. "Sikufua mashuka ya watu ili mwanangu akacheze na vyura," akasema, akiinua vidole vyake vilivyokunjamana. Mke wangu akakubali. Aliweza kushindana na mtu yeyote duniani, ila siyo na ile mikono.

Kuna jarida moja la mambo ya mazingira ambalo ofisi yake iko juu ya duka la vioo. Tulipanda ngazi mimi na yeye, picha tumezifunga kwenye bahasha kubwa. Mhariri wa picha alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ameipandisha kichwani, mbele yake kikombe cha chai iliyopoa mpaka ikapata utando. Akazipanga picha zetu mezani moja baada ya nyingine. Njiwa, ubavu mzima, kichwa kushoto, mkia kulia. Mjusi, ubavu mzima, kichwa kushoto, mkia kulia. Chura hana mkia, lakini naye alitazama kushoto.

"Na hii?" mhariri akauliza. Kidole chake kilikuwa juu ya kijiti kilichopakwa milia myeusi na myeupe yenye namba, kimesimama kando ya chura. Kilikuwepo kando ya njiwa pia. Na kando ya mjusi.

"Rula," mke wangu akasema.

"Naona ni rula. Inafanya nini hapo?"

"Ni ya kipimo. Bila kipimo msomaji atajuaje ukubwa wake?"

Mhariri akaishusha miwani machoni amtazame vizuri. "Mwenzangu," akasema, "hizi ni picha za kitambulisho. Huyu chura anaweza kwenda nazo uhamiaji leo hii akapewa pasipoti."

Hapo nikachemka. Nilitaka kumwambia kwamba huyu anayemcheka amesoma, na kwamba chura yule alitugharimu asubuhi nzima na kiatu changu kimoja. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Hakuonekana kukasirika. Alikuwa anazitazama picha zake kama mteja anayejiona kwenye kioo changu na nguo haijamkaa.

"Sampuli hupigwa hivi," akasema polepole. "Ubavu, mwili wote, na kipimo. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Kwa sampuli ni sawa," mhariri akasema. "Ila sampuli imekufa."

Tukarudi nyumbani. Akasema atakwenda mtoni kwa fisi maji, kwa sababu ndiye anayemjua. Nikamwambia na mimi nitachangia: nitamshonea maficho. Ni kama hema dogo, mtu anakaa ndani na kamera, wanyama wakipita wanadhani ni kichaka. Nilitumia turubai la kijani, nikatia bitana ndani isimkune, dirisha la lenzi nikalipiga pindo mara mbili, na mlangoni nikaweka zipu ya chuma, imara, ya kudumu. Kwa kweli ilikuwa kazi nzuri. Nililitundika mbele ya kibanda kutwa nzima ili watu walione.

Asubuhi ya kwanza mtoni, fisi maji walitokea jua likichomoza. Mke wangu alitaka kupenyeza lenzi mlangoni, maana dirisha lilitazama upande mwingine. Akaivuta zipu. Ile zipu ilipiga kelele mpaka ng'ombe wa ng'ambo wakainua vichwa. Fisi maji wote wakapotea kana kwamba mto umewameza, na hatukuona hata kiputo mpaka tulipofungasha. Mke wangu alinitazama tu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa naitukana ile zipu, na jioni nikaing'oa, nikaweka vifungo.

Kwa vifungo tulifaulu. Akawapata, tena kwa karibu, tena siku kadhaa mfululizo. Tukazipeleka kwa mhariri. Akazipanga mezani kama mwanzo, na hata mimi, ambaye sijui lolote, niliona kilichotokea. Fisi maji, ubavu mzima, kichwa kushoto, mkia kulia. Na pale nyuma, kwenye matope ya ukingo, rula.

"Umerudi nayo," mhariri akasema.

"Safari hii nimeisogeza nyuma kidogo," mke wangu akajibu, na mwenyewe akaanza kucheka kwa aibu.

Mhariri naye akacheka, kisha akawa mpole. "Hakuna aliyewahi kukaa kwenye kiti hicho akamjua huyu mnyama kama wewe. Lakini kwenye picha sioni kwamba unamjua. Naona umempima." Akamweleza kwamba toleo linalokuja ni la mito na jalada bado liko wazi. Wanapeleka kazi kwenye kiwanda cha uchapaji wiki inayofuata. Akipata kitu, alete kabla ya hapo. Asipopata, asubiri toleo jingine. Toleo jingine lilikuwa la baada ya chuo kufunguliwa. Yule mhariri hakujua alichotuambia, lakini sisi tulijua.

Zikaja mvua za kutukomoa. Mto ukawa mwekundu, fisi maji wasionekane, na mke wangu akawa anakaa dirishani na kamera mapajani kama mtu anayemwuguza mgonjwa. Ikabaki asubuhi moja tu. Nikafunga kibanda, wateja wanilaani watakavyo, nikabeba maficho tukaenda wote.

Kulikuwa na umande na ukungu mwembamba. Akaanza, kama kawaida yake, kwa kukagua mawe. Nilimwona ameinama, ananusa, anavunjavunja kitu kwa kijiti. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kuna vinyesi vidogo," akasema. "Watoto wameanza kula kaa. Fundi, wamefikia umri wa kufundishwa kuogelea."

"Si wamezaliwa wanajua?"

"Hawajui. Wanaogopa maji wote, mpaka mama yao awaburute." Akatazama ule mteremko wa matope ambao fisi maji huutumia kuteremkia mtoni. "Tumekuwa tukiutazama mto siku zote. Geuza maficho yatazame mteremko."

Nikageuza. Akachukua rula, akaenda kuichomeka juu ya mteremko, karibu kabisa na njia yao.

"Mke wangu," nikasema, "leo si ungeiacha hiyo?"

Akasimama nayo mkononi. "Najua alichosema mhariri. Najua kabisa. Lakini nikiiondoa najiona niko uchi, Fundi. Sijui kutazama bila hiyo." Alisema hivyo bila utani hata kidogo, nikamhurumia. Akaichomeka. Tukaingia ndani, tukafunga vifungo kimoja kimoja.

Walikuja mama na watoto wawili. Mama akatangulia majini, akageuka, akaita kwa mluzi mfupi. Mtoto wa kwanza alizungukazunguka, akalia, mwishowe akateleza akaingia kwa bahati mbaya, na akakuta anaelea. Wa pili alikataa. Alikaa chini kabisa kama mtu aliyeambiwa alipe nauli mara mbili. Mama akatoka majini, akamng'ata ngozi ya shingo, akaanza kumvuta. Yule mtoto akatupa mikono huku na huku akitafuta cha kushika, na kitu pekee kilichokuwa karibu kilikuwa rula ya mke wangu.

Akaikumbatia. Nasema kweli, aliikumbatia kwa mikono miwili, vidole amevifunga, mdomo wazi, analia kwa sauti nyembamba, na mama huko nyuma anavuta mpaka shingo ya mtoto inarefuka. Nikasikia maficho yanatikisika. Nilidhani mke wangu anaumwa, kumbe anacheka. Alikuwa anacheka mpaka goti lake likaipiga stendi, ule mguu usiokaza ukaporomoka, kamera ikamwangukia mikononi. Akaishika hivyo hivyo, bila stendi, machozi yanamtoka, akapiga. Akapiga tena. Kisha rula ikainama, ikang'oka, na mtoto na rula yake wakaingia mtoni pamoja. Mtoto aliibuka upande wa pili anaogelea. Rula ikaondoka na maji, mistari yake inaonekana, inazama, inaonekana.

"Ile ni mali ya chuo," mke wangu akasema akipangusa macho.

Nyumbani aliziweka picha kwenye kompyuta, juu ya meza yangu ya kukatia nguo. Akazichagua za mtoto wa kwanza, aliyesimama ubavu kabla hajateleza: mwili wote, safi. Ile ya rula akaipita.

"Unaipita?" nikamwuliza.

"Imeharibika. Tazama, mkia haupo. Mguu wa nyuma umekatwa. Imeinama upande, na pale kuna tone la maji kwenye lenzi."

"Lakini rula ipo."

"Ipo, ila ameishika juu ya namba. Hazisomeki."

Mjue kwamba alisema hivyo akimaanisha. Nilikuwa nafungua mdomo ili tugombane vizuri wakati mama alipoingia kuchukua shuka lake nililokuwa nalipiga pindo. Mama hakuwahi kuzitazama picha za binti yake. Alikuwa na msemo wake kwamba madudu hayaangaliwi na mtu ambaye hajala. Lakini kompyuta ilikuwa juu ya shuka lenyewe, ikabidi ainame. Akatazama. Akasogea. Akauliza, "Huyu anafanywa nini?"

"Anafundishwa kuogelea, Mama. Yule ni mama yake."

Mama akacheka. Sijawahi kumwona anacheka hivyo: alikaa juu ya rundo la nguo zilizopigwa pasi, nguo za watu, nami sikusema neno. "Ni wewe," akasema. "Jamani, huyu ni wewe. Siku ya kwanza ya shule. Ulishika nguzo ya mlango kwa mikono miwili. Mimi navuta, wewe unavuta, majirani wametoka wanatazama sinema. Ule mlango haufungi sawasawa mpaka leo."

"Sikumbuki, Mama."

"Utakumbukaje? Ulikuwa umeugeukia mlango." Akaacha kucheka, akaigusa picha kwa ncha ya kidole, pale kwenye meno ya fisi maji. "Na mimi nilikuwa nalia kuliko wewe. Hukuniona, maana nilikuwa nyuma yako."

Kisha mama akadai shuka lake, akalikagua mshono, akaondoka. Mke wangu alibaki anaitazama ile picha mpaka chai yake ikapoa. Aliziondoa zile safi zote. Akapeleka hiyo moja.

Mhariri alipiga simu kabla ya chakula cha mchana, hata salamu hakutoa. "Rula," akasema. "Safari hii mtu asiiguse." Nilikuwa nimebandika sikio upande wa pili wa simu, kwa hiyo nilisikia yote: kwamba ndiyo jalada, na kwamba wanamtaka awe mpiga picha wao, awapigie picha wanyama wa mito yote watakayofika. Mke wangu alijibu vizuri, kwa utulivu, kama msomi. Alipokata simu akaniinua juu, mimi na futi yangu ya kupimia shingoni.

Jarida lilitoka kiwandani chuo kikiwa kinafunguliwa kesho yake. Tukalipeleka kwa mama. Alinawa mikono kwanza, akajipangusa, ndipo akalipokea. Akalisoma jina la binti yake chini ya picha, kwa kidole, herufi kwa herufi, ingawa anajua kusoma vizuri tu.

"Sharti nimelitimiza, Mama," mke wangu akasema. Alikuwa amesimama kama mtoto wa shule. "Lakini chuo wamenipigia tena leo. Nafasi bado ipo. Ukiniambia nirudi, nitarudi, na sitanung'unika. Sitaki niende huko ukiwa umeninunia."

Nilitaka kumfinya. Ahadi ni ahadi, na mama mwenyewe ndiye aliyeitoa. Mama aliendelea kulitazama jalada. Niliona midomo yake inacheza, kama mtu anayetaka kusema jambo moja akajikuta na jingine.

"Huyu mama hapa," akasema mwishowe, "anamvuta mtoto aende anakotakiwa kwenda. Na mimi nilidhani ndiye mimi. Kila nikiitazama nasema, ni mimi yule." Akahamisha kidole, kutoka kwenye meno mpaka kwenye ile mikono midogo iliyokumbatia rula. "Kumbe mwaka huu anayeshikilia nguzo ni mimi. Wewe ndiye unayenivuta."

"Mama."

"Nenda. Usinifanye niseme mara mbili."

Mlango ukabishwa, na bila kusubiri akaingia jirani yetu wa goti. Alikuwa ametutafuta kibandani, akaelekezwa huku. Akaketi, akanyoosha mguu, akasema afadhali amempata Daktari, maana safari hii linavimba.

Mama akainuka na jarida lake mkononi. "Hapa hakuna daktari," akasema. "Binti yangu anapiga picha za wanyama."

Jirani akatutazama mmoja mmoja. "Tangu lini? Si wewe mwenyewe siku zote unasema..."

"Siku zote nilikosea. Goti lako nenda nalo hospitali." Akamwekea jarida mapajani, juu ya lile goti lenyewe. "Lakini kabla hujaenda, hebu mtazame huyu mtoto alivyoshika rula."

Mke wangu akageukia ukutani, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba wa kamera. Nilimwacha atafute.